Adui Yetu Si Bibi wa Jirani



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari ya juma hili ilianzia katika kauntabuku moja iliyochakaa pembe. Kijana wa VIWAWA aliniletea baada ya Misa ya pili, akaniomba niisome na kumwandikia maneno ya utangulizi. Ndani yake alikuwa ameandika kwa mkono hadithi ndefu ya vita vya kiroho, na mahali pa vita hivyo hapakuwa Marekani wala Nigeria. Palikuwa huku huku kwetu, kati ya vilima vya mawe vya Tarime na mbuga za Serengeti.

Nakiri mbele yenu kwamba hadithi ile ilinishika. Mhubiri kijana anafika katika kijiji ambacho wasichana wanaugua bila sababu na ng'ombe wanaharibu mimba. Malaika wenye panga wanasimama juu ya majabali usiku, na pepo wamejificha pangoni wakipanga hila zao. Sura baada ya sura mhubiri anafunga na kusali, na kila anapokaribia ukweli kitu fulani kinamrudisha nyuma. Mwishoni inafunuliwa kwamba chanzo cha yote ni bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake kando ya njia ya kisimani, ambaye usiku hupanda fisi na kuzunguka kijiji. Wanakijiji wanaichoma moto nyumba yake. Pepo wanakimbia, mvua inanyesha, na watu wote wanaimba.

Nilisoma hadi saa saba usiku. Fisi alipolia ng'ambo ya bonde, niliinuka kitandani kwenda kuhakikisha kama nimetia komeo. Miaka yangu yote ya upadre haikunisaidia kitu dakika ile. Basi kijana wetu ana kipaji, na jambo hilo nilimwambia kabla ya yote.

Hadithi za namna hii zina historia. Mwaka 1986 Mmarekani Frank Peretti alitoa riwaya iitwayo This Present Darkness, ambamo malaika na mashetani wanapigania mji mdogo uitwao Ashton; ilisomwa na mamilioni ya watu na kufungua njia kwa vitabu vingi vya aina yake. Mwaka uliofuata, Mnigeria Emmanuel Eni alitoa kijitabu cha ushuhuda kuhusu maisha aliyodai kuyaishi chini ya nguvu za giza, nacho kikasambaa Afrika nzima mkono kwa mkono. Baadaye zikaja filamu za Nigeria, kisha za kwetu wenyewe, na hadithi za mfululizo magazetini. Leo zinafika katika simu. Vijana wetu wanazipenda, na wazee wanaowakemea huzisoma pia taa zikizimwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba padre wenu haamini kuwapo kwa Shetani. Kanisa linaamini. Katekisimu yafundisha kwamba Shetani ni malaika aliyeasi kwa hiari yake, kwamba ana nguvu kwa kuwa ni roho tupu, lakini ni kiumbe tu, na nguvu zake zina mpaka. Kila mtoto mchanga tunayembatiza huombewa kwanza sala ya kumwondoa katika utawala wa giza. Kwa wale wanaosumbuliwa kwa namna ya pekee, Kanisa lina ibada ya kupunga pepo, iliyotolewa upya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kuidhinishwa mwaka 1998. Lakini tazameni jinsi Mama Kanisa alivyo na kiasi katika jambo hili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, yasema kwamba hakuna awezaye kupunga pepo kihalali bila kibali maalum cha Askofu, na kibali hicho hupewa tu padre mwenye uchaji, elimu, busara na unyofu wa maisha. Na kabla ya kufika huko, yapasa kwanza kuhakikisha kwamba tatizo si ugonjwa. Kanisa huharakisha kumpeleka mgonjwa kwa daktari, na hukawia sana kutamka jina la pepo. Jina la jirani halilitamki kabisa.

Hapo ndipo daftari la kijana wetu liliponigusa mahali pabaya.

Siku chache baadaye katekista aliniambia kwamba bibi mmoja wa jumuiya fulani hajaonekana kanisani Jumapili tatu. Nilikwenda kumtazama. Nyumba yake iko kando ya njia ya kisimani. Nilipomwona akitoka jikoni, akipangusa macho kwa ncha ya kanga, nilihisi miguu ikiishiwa nguvu. Ndiye yule wa katika daftari. Kijana alikuwa amebadilisha jina tu. Mengine yote aliyaacha yalivyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Baba. Karibu. Umekuja bila kuogopa?"

Nilikaa kwenye kigoda. Macho yake ni mekundu kwa sababu kwa zaidi ya miaka hamsini amepika kwa kuni, mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Anaishi peke yake kwa sababu mumewe alifariki na watoto wake wako mbali wakitafuta riziki. Lakini kurasa za daftari zilikuwa zimesomwa kwa sauti katika vikao vya vijana, kisha zikapigwa picha na kupita katika simu. Watoto waliokuwa wakimtekea maji wakaanza kukimbia wakimwona. Usiku mmoja mawe yalianguka juu ya bati. Mtu alimwambia kwamba taa yake huonekana ikiwaka saa nane za usiku, na mtu mwema hafanyi lolote saa nane za usiku.

"Ni kweli taa huwaka," aliniambia. "Magoti yananiuma, usingizi hauji. Basi naamka nasali Rozari. Siku hizi nasali gizani, Baba, wasiione taa."

Wapendwa, nimehubiri mazishi mengi katika jimbo hili, na maneno machache yamenichoma kama hayo. Mkristo mbatizwa, ndani ya parokia yake, anaficha Rozari yake kama mwizi anavyoficha alichoiba, kwa sababu ya hadithi iliyoandikwa ili kumtukuza Kristo.

Nilirudi nikiwa na hasira, nikamwita kijana. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, "Padre, ile sehemu ya kikongwe na macho mekundu niliitoa katika mahubiri yako. Yale ya Kwaresima."

Nilinyamaza. Nikakumbuka. Ilikuwa Jumapili ya joto, watu walikuwa wakisinzia, nami nikataka kuwaamsha. Nikasimulia kisa nilichokisikia utotoni, cha kikongwe wa macho mekundu aliyemtumikia Shetani. Sikumtaja mtu, nilikuwa nikieleza juu ya vishawishi, na kisa kile kilikuwa chumvi tu ya mahubiri. Kanisa zima lilitulia, hata watoto. Nilirudi sakristia nikiwa nimefurahi, nikidhani kimya kile kilikuwa cha ibada. Kumbe kilikuwa cha woga. Kijana wetu alijifunza kutoka altareni kwamba ukitaka watu wakusikilize, mpe Shetani uso wa bibi.

Kanda yetu ya Ziwa inajua hadithi za namna hii huishia wapi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, hata ulimwengu mzima ukashtuka kuanzia mwaka 2007 na kuendelea, na Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kila panga lilitanguliwa na hadithi. Mtu fulani alisimulia, mwingine akaamini, wa tatu akanoa.

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, anatufundisha kuvaa silaha zote za Mungu. Vijana huipenda sana sura hiyo kwa ajili ya ngao na upanga wake. Lakini aya ya 12, inayokuja kabla ya silaha kuhesabiwa, yaeleza wazi kwamba wale tunaopigana nao si watu wenye mwili na damu kama sisi. Basi ye yote anayesimulia vita vya kiroho na mwishoni akatuonyesha mtu wa kumchoma moto, huyo ameiruka aya hiyo, hata kama kila ukurasa wake umejaa jina la Yesu.

Tazameni pia jinsi Bwana wetu mwenyewe anavyofanya katika sura ya 5 ya Injili ya Marko. Yule mtu wa Wagerasi alikuwa akiishi makaburini, amefungwa minyororo mara nyingi na kuikata, anaogopwa na wote. Bwana hawaambii wanakijiji wamfukuze mbali zaidi. Anamtenga mtu na pepo, na mwisho wa kisa tunamwona mtu huyo ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu, na anaagizwa kurudi nyumbani kwa watu wake. Huo ndio mwisho wa vita vya kiroho kadiri ya Injili: mtu anarudi nyumbani. Katika daftari la kijana wetu, mtu anaunguziwa nyumba. Kwa kipimo hiki kimoja twaweza kuzipima hadithi zote za aina hii, na mahubiri yote, na mikutano yote ya maombezi.

Je, basi tuache kuzisoma na kuziandika? Hapana. Waandishi wakubwa Wakatoliki wameandika juu ya Shetani, na wametusaidia. Mfaransa Georges Bernanos, katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1926, Sous le soleil de Satan, anamsimulia padre wa kijijini, mnyonge, anayetembea usiku akapotea njia. Anakutana na mtu mchangamfu, mfanyabiashara wa farasi, anayemsaidia kwa upole mkubwa. Huyo ndiye Shetani. Nami nayajua matembezi ya usiku kati ya vigango, na wafanyabiashara wa mifugo wanaorudi mnadani. Kisa hicho kilinitisha kuliko fisi wote, kwa sababu adui alimwendea padre. Hakumwendea mjane. Mwingereza C. S. Lewis, ambaye alikuwa Mwanglikana, alitoa mwaka 1942 kitabu cha barua za shetani mzee akimfundisha mpwa wake kazi. Ndani yake hakuna damu wala moto; kuna kiburi kidogo, uvivu kidogo wa kusali, chuki kidogo kwa mama mzazi mezani. Hata yule Peretti niliyemtaja, mmoja wa mashujaa wake ni mwanamke mzee anayepiga magoti na kusali. Kikongwe yuko upande wa malaika!

Na katika Kiswahili chetu, Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa mwaka 1960 riwaya iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale. Tajiri mmoja anauawa, na maiti yake inakutwa mahali pa mizimu. Watu wanaogopa, na woga huo unawafaa sana wauaji, maana nani atamtafuta mwuaji pale anapoamini kwamba ni mzimu? Bwana Msa anachunguza kwa utulivu, na anakuta mkono wa binadamu. Mwandishi hakuwa Mkristo, lakini ametufundisha jambo ambalo sisi Wakristo twalihitaji: mara nyingi hofu ya mambo ya giza ndiyo pazia ambalo dhambi ya kawaida hujificha nyuma yake. Urithi wa shamba, wivu, deni, ugomvi wa mpaka. Haya hutembea salama kijijini yakiisha kuvikwa nguo za uchawi.

Mfugaji mmoja wa upande wa Mugumu aliwahi kunieleza jinsi simba anavyofanya usiku. Boma likiwa imara, haoni pa kuingilia. Basi huzunguka na kunguruma ili ng'ombe wapatwe na kiwewe, wasukumane, na wenyewe wavunje boma kutoka ndani. Aliye peke yake nje ndiye anayeliwa. Tangu siku hiyo nausoma kwa macho mengine Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 5, anapomfananisha adui na simba anayenguruma. Mtume hakupata kuiona Serengeti, lakini wachungaji wetu wanamwelewa kuliko maprofesa. Ngurumo ina kazi yake: inatafuta sisi wenyewe tuvunje boma. Siku waamini wa jumuiya moja walipoanza kumkimbia bibi yule, mtu mmoja akabaki nje ya boma peke yake, na pepo hawakuhitaji kupanda fisi.

Nilimwuliza kijana, "Unataka kuandika usiku wa kutisha wa Tarime? Mbona hujauandika ule unaoujua?" Nilimkumbusha Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati wa misimu ya tohara kwa jadi za koo nyingi za Wakurya. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, huku wastani wa Taifa ukiwa asilimia 10. Msichana anayekataa huitwa msagane kwa dharau, na huweza kutishiwa kwamba atailetea familia laana na mikosi. Hapo napo hofu ya mizimu hutumika kumshika mtoto asiyeweza kujitetea. Na wapo wasichana wanaotoroka usiku, wakiwa na nguo moja, wakapita vichakani wakisikiliza mbwa nyuma yao, hadi wafike kituo cha Masanga hapa Tarime, ambacho kimekuwa kikiwapokea tangu mwaka 2008, au Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 2014. Kuna giza, kuna mbio, kuna silaha yenye makali, kuna mlango unaogongwa usiku wa manane na taa inayowashwa. Kama hivyo si vita vya kiroho, sijui vita ni nini. Na hata hapo, wapendwa, ngariba si Shetani, wala baba aliyepokea ng'ombe wa mahari si Shetani. Ni watu ambao Kristo alikufa kwa ajili yao, nao pia yapasa siku moja warudi nyumbani.

Juma lile kijana alikwenda kwa bibi. Sikumlazimisha, nilimwambia tu kwamba mimi nakwenda kuomba msamaha, maana kosa lilianzia kwangu. Akasema tutakwenda wote. Tulipomaliza kusema yetu, bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamtazama kijana.

"Mjukuu wangu, unajua kuandika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi usinitoe katika hadithi yako. Niache pale pale, karibu na kisima. Ila andika nilikuwa nafanya nini taa inapowaka."

Jumapili iliyofuata niliungama altareni mbele ya waamini kosa langu la Kwaresima, bila kumtaja bibi. Kanisa lilitulia tena, lakini kimya hiki kilikuwa cha namna nyingine. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Picha za kurasa zile bado zinazunguka katika simu za watu, na neno likiisha kutoka halirudi. Wapo watoto ambao bado hupita mbali na nyumba ile. Lakini wasichana wawili wa Utoto Mtakatifu wameanza tena kumtekea maji, na kijana anaandika upya. Ameniambia kwamba sura ya mwisho inamshinda, kwa sababu sasa hana mtu wa kumchoma. Nimemwambia kwamba hiyo ni dalili njema, wala asiharakishe.

Wanafunzi sabini na wawili walirudi kwa Yesu wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, kama tunavyosoma katika Luka 10. Bwana aliwaelekeza furaha yao kwingine: majina yao yameandikwa mbinguni. Mwandishi wa kitabu kile cha mbinguni haandiki majina ya wachawi wa kijiji. Anaandika ya watoto wake, na ninaamini kwamba jina la bibi mmoja, anayesali Rozari saa nane za usiku kwa ajili yetu tuliomtupia mawe, limo.

Nawaomba katika Jumuiya zenu ndogondogo juma hili mjiulize mambo mawili. Je, ni nani katika jumuiya yetu aliyebaki nje ya boma kwa sababu ya maneno yetu? Na je, nani atakwenda kwake kwanza? Kisha, kabla ya kutawanyika, salini kwa Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu sala ile ambayo Papa Leo XIII aliagiza isaliwe baada ya Misa mwaka 1886, na mkiisali msimfikirie jirani yeyote. Kila mmoja aufikirie moyo wake.

Usiku mwingine nilipita njia ya kisimani nikitoka kumpaka mgonjwa mafuta. Ilikuwa inakaribia saa nane. Taa ya bibi ilikuwa inawaka.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko